Maganda Getini

Machi 2

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo asubuhi, na mtaa mzima umenuka maganda ya mananasi yaliyooza. Yanatoka nyuma ya kiwanda cha mdogo wangu wa kiume, yanashuka na maji mtaroni, yanapita mbele ya geti langu kana kwamba yananisalimia. Watu waliziba pua. Mimi nilisimama nikayatazama nikicheka peke yangu kama mwehu. Endeleeni kushuka, niliyaambia. Mtanifaa.

Mchana afisa wa viwanda alinipigia simu. Mji wetu umechaguliwa kujaribu sera mpya ya kusaidia viwanda vya chakula na vinywaji, ili viweze kushindana sokoni na vidumu bila kuharibu maji na ardhi. Inaundwa kamati, na wazalishaji wadogo wamenipendekeza mimi. Nikamuuliza, "Na wakubwa wanawakilishwa na nani?" Akamtaja mdogo wangu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Naandika haya ili nisije nikalegea nikasahau yalianzaje. Baba alipofariki, kiwanda cha juisi tulikiendesha pamoja. Mimi jikoni, yeye kwenye mauzo. Masika moja nilifika kazini nikakuta kufuli jipya. Mlinzi alishindwa kunitazama usoni. "Nimeambiwa usiingie, mama. Bosi anasema umechoka, ukapumzike." Nilisimama getini mvua ikinipiga mpaka viatu vikajaa maji, na yeye alikuwa dirishani ghorofani, namwona, ananiona. Mtoto niliyembeba mgongoni. Basi mama yetu, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya ndani ya kiwanda, akatoka na furushi lake la nguo, akampita mlinzi, akanishika mkono. Tukaondoka. Hakusema neno.

Kati ya watoto wake wawili, mama alinichagua mimi. Hilo tu ndilo lililonisimamisha wima. Na yule naye, kwa kukosa haya, akachukua picha ya mama akaibandika kwenye chupa zake. Kila duka ninaloingia mama yangu ananitabasamia kutoka rafuni, anamuuzia yeye juisi.

Atakiona cha mtema kuni.

Machi 5

Mama ameonja pipa la kwanza la siki. Amesema, "Bado."

Machi 8

Mvua. Mama Pacha, msaidizi wangu wa bandani, amechelewa, watoto wanaumwa mafua. Maganda tumeyaosha wawili tu, mgongo hauna hali.

Machi 11

Kikao cha kwanza. Kilikuwa kwenye ukumbi wenye feni inayolia na viti vya plastiki vinavyonasa nguo. Afisa wa viwanda ni kijana mpole, kila sentensi yake inaanza na "kwa mujibu wa rasimu," kwa hiyo nimeshampa jina, Bwana Rasimu.

Mdogo wangu aliingia amevaa suti, manukato yametangulia mlangoni. Akaja moja kwa moja kwangu, mbele ya watu wote. "Shikamoo, dada."

Nikasema marahaba. Ningefanya nini? Lakini neno lilitoka na kutu.

Bwana Rasimu akasoma. Wadogo tutapewa mafunzo na chupa kwa bei nafuu. Wakubwa watapewa ruzuku wajenge mitambo ya kugeuza taka kuwa gesi na mbolea, na mwaka mzima wa kujipanga kabla sheria ya taka haijaanza kuwabana. Taka yoyote ya kiwanda italazimika kufika kwa mpokeaji anayeitumia, na anayetambuliwa na mji. Atakayezitupa ovyo anafungiwa.

Nilinyamaza kikao kizima. Mdogo wangu alidhani namwogopa, nilimwona akilegeza tai. Hakujua kwamba nilikuwa nahesabu kichwani wapokeaji wa maganda ya mananasi waliopo katika mji huu. Wako wangapi? Mmoja. Anatengeneza siki, ana mapipa ya bluu chini ya banda la mabati, na anaandika shajara.

Kinachonizuia ni ule mwaka mmoja na ile ruzuku. Akipewa mtambo wake, hatanihitaji kamwe. Lazima viondoke kwenye rasimu.

Machi 12

Nimeamka na furaha. Hata chai ilikuwa tamu bila sukari.

Machi 17

Mama ameonja la kwanza tena. Nimesimama pembeni kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Anachovya kijiko chake cha mti, anafumba macho, anaigeuza siki ulimini, anatazama juu kama anayetafuta jina la mtu. Kisha anasema. Humu kwangu halitoki hata tone kabla mama hajaonja. Wapishi wa mahoteli wakipiga simu hawaulizi bei, wanauliza, "Bibi ameshaonja?"

Leo amesema, "Hili limeiva. Toeni."

Mama Pacha akapiga kigelegele. Tumejaza chupa mpaka jioni.

Machi 18

Wakati wa chakula nimemweleza mama mpango wangu. Nilidhani atafurahi.

"Kwa hiyo asipewe muda," akasema.

"Asipewe hata siku moja."

"Na wale wanaomenya mananasi kwake?"

"Mama, wale si watoto wangu."

Akaendelea kula. Baadaye akaniuliza kama nimeleta dawa yake ya kifua. Nilikuwa nimesahau. Nimekwenda kuichukua kwenye mvua.

Machi 26

Mvua haijakatika tangu juzi. Mtaro umefurika na maganda yameingia sokoni, yameingia zahanati, yameziba mlango wa shule ya chekechea. Nzi ni wingu zima. Watu wanamtukana mdogo wangu hadharani, wengine wananitukana na mimi kwa sababu tumefanana pua.

Nimechukua ndoo, nimejaza yale yaliyooza zaidi, nimefunika. Mama Pacha ameniuliza ni ya nini. Nimemwambia ni ya mkutanoni.

Machi 28

Nitaandika polepole, nataka kulisikilizia utamu wake.

Kikao kilipofika kwenye kipengele cha taka, mdogo wangu alisimama akazungumza kama amemeza redio. Ajira. Ushindani. Viwanda vya nje vinavyotuzidi nguvu. "Mkitubana ghafla," akasema, "tutafunga, na rafu zetu zitajaa juisi za wenzetu." Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Vichwa vilikuwa vinaitikia.

Nikanyanyua ndoo nikaiweka mezani, katikati ya makaratasi yao, nikafunua.

Mwakilishi wa mahoteli alikimbia nje amefunika mdomo. Bwana Rasimu alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Nikasema, "Haya yalikuwa mlangoni mwa chekechea juzi. Mwakani yatakuwa wapi? Tunampa mtu pesa ya umma na mwaka mzima wa kutupa uchafu, tunaita hiyo sera endelevu? Anayeweza kukamua mananasi leo, aweze kuyazoa maganda yake leo."

Mwalimu wa chekechea alikuwa amealikwa kama mwananchi. Akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mwaka mmoja ukafutwa. Ruzuku ya mitambo ikafutwa. Wauzaji wa juisi wa barabarani niliwaombea wasiguswe, na hawakuguswa, kwa hiyo ikaonekana nina huruma pia. Kanuni zinaanza zikisainiwa tu.

Bwana Rasimu alinifuata nje. "Mama, mji unahitaji wazalendo kama wewe."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye gari lake. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayetaka kuuliza kitu. Nikapita na ndoo yangu.

Machi 29

Pipa la pili. Mama amesema, "Kali."

"Imeiva?"

"Nimesema kali. Sijasema imeiva. Umeiharakisha, umeongeza sukari."

Ni kweli niliongeza. Nilitaka mapipa yawe matupu mapema, kabla kanuni hazijasainiwa.

Aprili 9

Zimesainiwa! Nimepewa karatasi yenye mhuri, mpokeaji anayetambulika, wa pekee katika mji. Nimeitundika bandani.

Aprili 11

Lori la kwanza limefika. Dereva mzee, ananijua tangu enzi za baba. Akatabasamu, "Mama, nimeleta mzigo wa Bosi." Nikamwambia banda limejaa. Akachungulia juu ya geti, akaona mapipa matupu yamepangwa, akanitazama.

"Limejaa," nikarudia. "Na mwambie hivi, siku akija yeye mwenyewe anaendesha, labda nafasi itapatikana."

Lori likageuza na maganda yake.

Aprili 12

Dereva tena. Nimemrudisha.

Aprili 14

Dereva tena. Safari hii hakushuka hata garini, alipiga honi mara moja tu kwa unyonge. Nilitoka nikatikisa kichwa.

Mapipa yangu yenyewe yanakosa maganda. Tunanunua mananasi mazima sokoni, tunayamenya, nyama yake tunawagawia majirani. Mama Pacha anasema hii ni biashara ya kichaa. Nimemwambia amenye.

Aprili 19

Mvua kubwa. Nimepita kiwandani kwake makusudi, nikiwa na mwavuli, taratibu kama mtalii. Uwanja wa ndani umejaa kilima cha maganda mpaka usawa wa dirisha. Hawezi kutupa, wakaguzi wa mji wapo getini. Hawezi kuleta, mimi nipo. Mashine zimezimwa. Kiwanda alichonifungia sasa kimemfungia yeye.

Lile dirisha la ghorofani lilikuwa wazi. Hakuwepo mtu.

Roho yangu ilitulia kabisa, kama mtu aliyekunwa mgongo mahali asipofika mwenyewe.

Aprili 21

Wafanyakazi wake wamerudishwa nyumbani. Mume wa Mama Pacha ni mmoja wao. Sikuwa nakumbuka kwamba anafanya kazi pale. Niseme ukweli, nilikuwa nakumbuka.

Mama Pacha amefanya kazi siku nzima bila kuimba.

Aprili 25

Bwana Rasimu amekuja bandani na viatu vyake vizuri, ametopea hadi vifundoni. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Mama, kwa mujibu wa kanuni, taka zinapelekwa kwa mpokeaji. Mpokeaji ni wewe."

"Ndiyo."

"Sasa mbona humpokei?"

"Kanuni inasema yeye alete. Umeona mahali pameandikwa mimi nifungue geti?"

Akafungua mkoba, akapekua, akafunga. Masikini, hawakuandika. Wakati wa kuandika pua zao zilikuwa kwenye ndoo yangu.

"Kule makao makuu," akasema, "wananiuliza kwa nini mji wa majaribio umepoteza kiwanda chake kikubwa ndani ya mwezi. Wakiona hivi sera yote wataitupa. Na vya kwenu wadogo, chupa, mafunzo, vyote. Nimewaambia nini mimi? Kwamba ndugu wawili wamegombana?"

"Waambie hivyo hivyo."

Alipotoka alimpita mama uani, akamsalimia kwa heshima, wakaongea kidogo. Sikusikia walichosema.

Aprili 26

Mama hajaonja leo. Anasema kifua.

Aprili 28

Mama ameonja la tatu, akatema. Hajawahi kutema.

Nikamwambia, "Mama, unamwonea huruma yule? Umesahau alivyonifanya? Umesahau mvua ile?"

"Sijasahau. Nilikuwepo."

"Basi upo upande gani?"

Akafuta kijiko chake kwa mtandio, taratibu, upande mmoja na mwingine. "Mwanangu, mimi ni wa kuonja siki tu."

Mei 4

Amekuja.

Nilikuwa bandani na Mama Pacha. Mvua ilikuwa ya kumwagwa, mabati yanapiga kelele hata hatusikilizani. Taa za lori zikamulika chini ya geti. Honi haikupigwa. Nikatoka na mwavuli, nikachungulia, na nani yuko kwenye usukani? Mdogo wangu. Hana suti. Shati limemganda mwilini, ndevu zimeota. Akashuka akasimama mbele ya geti, mikono imening'inia, maganda yamefurika nyuma yake.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia.

"Nimekuja mwenyewe, kama ulivyotaka. Nifungulie nishushe. Watu wangu wako nyumbani, watoto wao hawaendi shule. Sijaja kwa ajili yangu."

"Watu wako," nikasema. "Mimi nilikuwa nani?"

Alitazama chini. "Nilikukosea. Nilikuwa na tamaa. Nilidhani ukikaa pale nitaitwa mdogo wako mpaka nife." Mvua ilikuwa inamwingia mdomoni. "Naomba unifungulie, dada."

Maneno haya nimeyasubiri kwa muda mrefu, nimeyatunga mwenyewe kichwani kwa namna nyingi, na hakuna namna yangu iliyokuwa nzuri kama hii. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliugusa, ulikuwa wa moto kwa joto la mwili wangu.

Nikamwambia, "Ngoja."

Nikaingia ndani. Nikajimiminia chai. Nikakaa kwenye kiti cha dirishani, mahali ambapo angeweza kuniona, nami nimwone. Nilitaka viatu vyake vijae maji kama vyangu. Baada ya hapo ningefungua, nadhani. Sina hakika. Chai nilikuwa nakunywa kidogo kidogo, na naapa sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Mama akatoka chumbani kwake. Amejitanda mtandio, na kichwani kuna furushi.

"Unakwenda wapi na mvua hii, mama? Na kifua hicho?"

Alikuwa anavaa viatu, anashikilia ukuta. "Nifungulie geti."

"Mama, namfungulia sasa hivi. Acha nimalize chai."

"Sikwambii umfungulie yeye. Nifungulie mimi."

Nikasimama. "Unaniacha kwa ajili yake? Mama, siku ile ulinichagua mimi!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia kwamba jua ni jeusi.

"Nani alikwambia nilikuchagua? Siku ile mtoto wangu mmoja alikuwa amefungiwa nje kwenye mvua, nikaenda kwake. Ningewezaje kukaa ndani?" Akaliweka sawa furushi. "Na leo siwezi kukaa ndani."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, ameshika kisu na nanasi. Nikaenda kufungua. Ufunguo ukanianguka kwenye matope, nikaupapasa, nikafungua geti lote, mabawa yote mawili, nikapiga kelele, "Haya, ingia! Ingiza lori! Shusha popote unapotaka!"

Aliingiza lori, akashusha yote. Alifanya kazi kwa koleo, pamoja na Mama Pacha, na mimi pia nikachukua koleo. Tulifanya kazi bega kwa bega kama jikoni kwa baba. Nilidhani kwa kufanya hivyo mambo yamekwisha. Mama alikuwa amekaa mbele ndani ya lori, furushi mapajani, anatazama mbele. Nilimgongea kioo. Nikamwambia maganda yameshuka, nimefungua, mama shuka basi.

Akateremsha kioo kidogo. "Umefungua kwa sababu yangu," akasema. "Siku utakayofungua kwa sababu yake, niite."

Lori likarudi kinyumenyume, likaondoka.

Mei 5

Mvua.

Mei 6

Bwana Rasimu amepiga simu kunishukuru. Mashine za kule zimewashwa, mume wa Mama Pacha amerudi kazini, ripoti itasomeka vizuri. Kipengele kitarekebishwa, geti litaandikwa. Amesema mji wetu utakuwa mfano. Nikamwambia asante.

Mei 8

Lori limekuja na dereva mzee. Nimepokea. Nimemuuliza mama anaendeleaje. "Anakohoa, lakini anacheka," akasema. Sikuuliza anacheka na nani.

Mei 13

Jua limetoka kwa mara ya kwanza, msimu unakwisha. Mapipa yote yamejaa, mapya na ya zamani. Mpishi wa hoteli amepiga simu. "Bibi ameshaonja?"

Nikamwambia nitampigia.

Kijiko chake kimebaki, kimetundikwa kwenye msumari chini ya karatasi yangu yenye mhuri. Nikakichukua. Nikachovya pipa la tatu, nikafumba macho kama afanyavyo yeye, nikageuza ulimini, nikatazama juu. Kali. Nikasukutua kwa maji, nikaonja la nne. Kali. La tano, kali. Nikamwita Mama Pacha, akasema yeye hajui, kazi yake ni kumenya.

Nimerudia mapipa yote tangu mwanzo, mpaka ulimi umekufa ganzi. Yote ni makali sawasawa, na sijui lipi limeiva.